Kihenge Alichokibeba Kiboko

Hadithi hii si yangu. Alinipa mama mkwe wangu, Mwanjaa, Mungu amlaze pema, mwaka ule tulipohamia huku porini na baba yenu mkubwa bado yuko mgongoni. Nyumba hatuna. Tunalala chini ya majani ya migomba, umande unatudondokea usoni. Mimi nikawa nanung'unika kutwa. Yeye anachambua mchicha wake, hata hanitazami, akasema, "Mkaza mwanangu, kaa hapa nikupe habari za Digidigi."

Basi alivyonipa ndivyo nitakavyowapa. Sogeeni kwenye mkeka. Wewe Shemweta, toa mguu kwenye tumbo la mwenzio.

Zamani hizo, kale kabisa, wanyama walikuwa na majembe na vyungu kama sisi. Walikuwa wanaposana, wanaazimana chumvi, wanaugua mafua. Jumbe wao alikuwa Twiga, maana shingo yake iliona mashamba yote bila yeye kutoka barazani.

Siku hiyo Digidigi akaja kwa Twiga na mkewe. Digidigi mnamjua, yule swala mdogo, miguu kama vijiti vya mishikaki. Kichwani ana mkeka, mkewe ana chungu, na huyo mke tumbo limeshuka, karibu kujifungua.

"Shikamoo, jumbe."

"Marahaba. Mmetoka wapi na huo mzigo?"

"Kwetu kumekauka, jumbe. Hata majani ya kulamba hakuna. Tumekuja kuomba mahali pa kulima."

Twiga akanyoosha shingo, akaangalia huku, akaangalia kule. "Mnaona ule mteremko, kati ya kwa Mama Tembo na kule mtoni kwa Kiboko? Pale hapana mtu. Chukueni. Lakini nawaambia mapema. Masika yakianza, niwakute mnalala palepale shambani, chini ya paa lenu. Nimechoka na watu wanaoomba ardhi halafu wanakwenda kulala kwa wenzao. Mvua ya kwanza ikinyesha hamlali pale, nampa mwingine."

Wakashukuru, wajukuu zangu. Yule mke alipofika shambani aliinama na tumbo lake lile, akachota udongo, akaunusa. "Mume wangu," akasema, "udongo huu una mafuta. Mwanangu atakula anenepe."

Wakaanza kufyeka. Fye, fye, fye, kutwa. Jioni wanakata matawi, wanayaegemeza kwenye mti, wanaingia chini yake. Kwa kiangazi inatosha. Lakini kila siku mawingu yalikuwa yanakaribia, na ukitazama kule milimani unaona kumekuwa kweusi kama sufuria kwa nje.

Digidigi akasema, "Nikandike nyumba."

"Udongo utakauka lini?" mkewe akamwuliza. "Mvua itaubandua wote, tubaki na fito zinatuchekea."

"Basi kule ng'ambo ya kilima kuna pango. Halina mwenyewe."

"Nimelipitia. Mlangoni kuna manyoya. Aliyemla mwenye manyoya yuko wapi?"

Digidigi akakuna sikio kwa kwato.

"Na hata asingekuwepo," mkewe akasema, "pango si shambani. Jumbe alisema shambani."

Basi Digidigi akashuka mtoni kwa Kiboko. Kiboko ndiye alikuwa na nyumba kubwa kuliko wote, ina vyumba mpaka vingine havina kitu ila buibui. Alimkuta yumo majini, macho na pua tu ndiyo yako nje.

"Shikamoo, mzee."

"Hooo. Marahaba. Nani huyo? Sauti naisikia, mtu simwoni."

"Ni mimi, Digidigi, jirani yako wa hapo juu. Mke wangu siku zake zimekaribia, na mvua hiyo inakuja. Nilikuwa naomba nguvu zako, mzee. Unisaidie kubeba miti, hata nyasi, nisimamishe kibanda."

"Kubeba? Mimi na jua hili? Ngozi yangu inapasuka." Kiboko akafumba macho, akafumbua. "Lakini mimi si mtu mbaya. Hapa vyumba viko. Njoo ukae na mkeo. Chumba kikavu, mlango una komeo."

"Na kodi, mzee?"

"Kodi ya nini, mwanangu, na sisi ni majirani? Utanilimia tu. Alfajiri mpaka jua liwe kali, na jioni kidogo. Masika yakiisha, tumeachana salama."

"Na shamba langu nitalilima saa ngapi?"

"Hilo sasa la kwako," akasema Kiboko, akapiga mwayo, meno kama michi ya kutwangia.

Digidigi alirudi anamsifu. Chumba kikavu, anasema, mlango una komeo. Mkewe alikuwa anatoa miiba kwenye kwato zake. Akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mvua ya kwanza ikinyesha sisi tutakuwa tumelala wapi?"

"Kwa Kiboko."

"Na shamba hili jumbe atampa nani? Nani amepakana nalo?"

Digidigi akageuka, akatazama kule mtoni. Aliyepakana nalo kule chini alikuwa Kiboko mwenyewe.

Mnaona? Chumba kilikuwa kizuri kweli. Bibi zenu tumewaona wengi walioingia chumba kizuri cha mtu wakatoka hawana hata pa kuchimba choo.

Kesho yake Digidigi akapanda juu kwa Mama Tembo kuomba moto. Akaona nyuma ya jiko la Mama Tembo kuna kihenge cha zamani. Kihenge mnakijua, lile ghala la kuwekea mahindi, kinasukwa kwa fito kama kapu kubwa, kinakandikwa udongo nje na ndani, juu kinawekwa kofia ya nyasi. Hiki kilikuwa kimeachwa. Mama Tembo alishajenga kingine kikubwa.

Digidigi akachungulia mlangoni. Ndani kukavu. Kuna magunzi yamebaki, mahindi yake yalishaliwa zamani. Akaingia. Akajinyoosha. Akasimama, masikio hayagusi juu.

"Mama," akasema kutoka ndani, "hiki kihenge una kazi nacho?"

"Nani yumo kihengeni mwangu?"

"Ni mimi, mama. Nakipima."

Mama Tembo alicheka mpaka masikio yakapiga kama nguo kwenye kamba. "Unataka kumlaza mkeo ghalani?"

"Paa ni paa, mama. Mimi na yeye na mtoto tunaenea. Tukishavuna nitajenga nyumba ya watu. Sasa hivi naomba hiki."

Mama Tembo akaacha kucheka. Akakumbuka naye alivyokuja huku mara ya kwanza, analala chini ya ngozi. "Kichukue, mwanangu. Bure. Ila mimi kukubebea siwezi, hizi nyonga zangu ndiyo hivyo unavyoziona. Na uchague vizuri pa kukitua. Kihenge ukishakitua shambani, ndiyo umekitua. Hakiinuliwi tena mpaka watu wavune. Ukikiinua unaita njaa, na njaa haimwiti mmoja, inaita wote."

Ndivyo ilivyokuwa mila yao, na wote waliiogopa.

"Asante, mama. Umeniwekea mtoto mahali."

Sasa, kihenge kimepatikana. Lakini kile kihenge kimekandikwa udongo pande zote, kizito kama jiwe la kusagia. Digidigi akasukuma. Kihenge kimya. Akasukuma kwa mgongo, kwato zinateleza, kriii. Kimya. Akaenda kwa Nyati.

"Tunapanda, ndugu yangu, mvua iko mlangoni. Ikishanyesha nitakuja."

Akaenda kwa Ngiri, Ngiri na watoto wote wako shambani wameinama. "Baada ya mvua, jirani."

Kila mtu baada ya mvua. Na yeye baada ya mvua hana shamba.

Nini, Mwanahija? Hapana, hawakuwa wabaya. Mtu akiwa na mbegu mkononi na wingu kichwani hasikii la mwenzake. Hata wewe usingesikia.

Basi alfajiri moja, chini ya yale matawi, mke wa Digidigi akajifungua. Katoto kadogo, kanaenea kwenye kawa la kufunikia chakula. Kanatetemeka. Juu mawingu yamefunga, upepo unanuka mvua.

Digidigi akamtazama mtoto. Akamfunika mkewe mkeka. Akachukua mawe bapa, akayapanga kando ya njia, mbele kidogo ya mahali mkewe alipokaa, yakalala sawa. Njia ilikuwa ileile moja, kutoka kwa Mama Tembo kushuka mtoni, inapita katikati ya shamba lao.

"Mtu akipita hapa leo na mzigo," akamwambia mkewe, "wewe mpakate mtoto aonekane. Basi."

"Nani atapita na mzigo?"

"Mimi nakwenda kusema ukweli kwa mtu asiyeuamini."

Akashuka mbio mtoni, tip tip tip tip. Habari za mtoto hakumwambia mtu.

"Shikamoo, mzee Kiboko. Nimekuja kuhusu kile chumba."

"Hooo. Nilijua utarudi."

"Nilitaka kuuliza, komeo lake ni zima?"

"Zima. Kwani una nini cha kuibiwa wewe?"

"Sina kitu, mzee. Nina kihenge tu, Mama Tembo amenipa. Bado kiko kwake."

Kiboko akatoa na masikio nje ya maji. "Kihenge cha mahindi?"

"Kitupu, mzee."

"Mama Tembo akupe kihenge kitupu? Mwanamke yule ana mahindi mpaka anafukizia mbu."

"Nakwambia kitupu. Mna magunzi tu. Tena nakuomba, mtu akikuuliza, mwambie ni kitupu. Mimi mwenyewe kutwa nitakuwa mbali, nakata nyasi bonde la pili, sina wa kukilinda."

"Kukilinda," akasema Kiboko polepole. "Kitupu."

"Kitupu kabisa, mzee."

Digidigi akaaga, akaondoka. Kiboko akabaki majini anawaza, mapovu yanatoka, bulu bulu bulu. Mtu gani anahangaika na komeo kwa ajili ya magunzi? Mtu gani anasema kitupu, kitupu, kitupu, kama hakijajaa?

Akangoja watu wote wameinama mashambani. Akatoka majini. Jua lilikuwa limepenya kati ya mawingu, lile jua la kabla ya mvua, linachoma kama pasi. Akapanda njia, hoo, hoo, hoo, mpaka nyuma ya jiko la Mama Tembo. Mama Tembo alikuwa anapalilia upande wa pili. Kiboko akaingiza mgongo chini ya kihenge, akajiinua.

Ndani, chaka chaka chaka.

"Aaa," akajisemea, "magunzi yanalia hivi?"

Na uzito ule. Udongo ule mnene wa Mama Tembo yeye aliuona mahindi. Akashuka nao njiani anahema, ngozi inawaka, jasho linamwingia machoni. Chaka chaka chaka. Kila akisikia vile anaongeza mwendo.

Akafika katikati ya shamba la Digidigi. Anataka kupita. Mara akasikia kasauti, "Mee." Akageuza shingo. Mke wa Digidigi amekaa chini ya matawi, amepakata mtoto.

Kiboko akasimama palepale.

Maana kwao, wajukuu zangu, mzazi mbichi hapitwi na mzigo. Ukimkuta, unatua ulichobeba, unampa hongera mikono mitupu. Ukimpita nacho, kinakuozea kabla hujafika kwako. Mama mkwe wangu aliniambia hata yeye alikuta watu wanaishika mila hiyo, na ndiyo maana mzazi wa zamani hakukosa mtu wa kumchotea maji. Ukishatua mzigo wako, utaondokaje hujafanya kitu?

Kiboko akawaza mahindi yote yale yameoza.

"Shikamoo, mzee," akasema yule mke.

"Mara... marahaba."

"Umechoka, mzee. Mzigo wako usiingie vumbi. Hapo kuna mawe, tua juu yake."

Kiboko akapiga magoti. Pu! Kihenge kikakaa juu ya yale mawe, kimetulia, utadhani kimezaliwa pale. Akapumua. Akamsogelea mzazi.

"Hongera, binti yangu."

"Asante, mzee." Na yule mke akapiga vigelegele. Si kimoja. Vya mtoto na vya nyumba.

Vigelegele kwa wakulima ni kama chakula kimeiva. Majembe yakaanguka. Nyati akaja na mkewe, Ngiri na watoto wake mikia juu, Mama Tembo na nyonga zake, pole pole. Twiga alishaona tangu barazani, akaja kwa hatua zake ndefu. Na Digidigi akatokea na mzigo wa nyasi kichwani. Alipomwona Kiboko na kihenge, aliutupa mzigo, akapiga magoti mbele yake.

"Mzee Kiboko," akasema, na machozi kweli yanamtoka, "nikushukuru vipi? Wote niliwaomba. Wote walisema baada ya mvua. Wewe na ngozi yako hiyo, na jua hili, umembebea mwanangu nyumba."

Kiboko akatazama watu. Watu wakamtazama yeye.

Mama Tembo akasema, "Kiboko? Wewe ndiye uliyekibeba? Toka kwangu mpaka hapa?"

Angesema nini? Aseme, nilikuwa nakiiba? Akajibu, "Nili... niliona wana mtoto."

Lakini jicho bado liko kwenye kihenge. Akakishika ukingoni. "Niwasogezee kidogo," akasema, "kule chini chini, karibu na mto, ndiyo pazuri."

Nyati akaruka. "Mzee, unakiinua tena? Kimeshakaa chini hicho. Unatuitia njaa?"

"Kiache, kiache," wakasema wote.

Kiboko akakiacha kama kimemchoma. Akaingiza pua mlangoni, angalau aone alichokipoteza. Akanusa. Akatoa pua, magunzi matatu yamemning'inia kwenye ndevu.

Akainamisha kichwa sikioni kwa Digidigi. "Umenidanganya, wewe kijiti."

"Mimi, mzee? Nilikwambia ni kitupu."

Kiboko akafikiri. Akafikiri sana. "Ulisema," akakubali.

Hapohapo tone likaanguka. To. Jingine. To, to. Halafu masika yakamwagika yote, kama mtu amepindua mtungi. Mke wa Digidigi akaingia kihengeni na mwanawe, Digidigi akaingia, akaweka kichwa mlangoni. Ndani kukavu. Mtoto akaacha kutetemeka, akaanza kusikika ananyonya, nyo nyo nyo.

Twiga akainamisha shingo yake yote mpaka chini, mvua inamchuruzika, akachungulia.

"Mnalala hapa?"

"Hapa hapa, jumbe."

"Chini ya paa lenu?"

"Alitupa Mama Tembo, akalileta mzee Kiboko."

"Basi shamba ni lenu," akasema Twiga. Akamgeukia Kiboko. "Na wewe leo umenifurahisha. Nilikuwa nimekudhania vingine."

Nyati akampa Kiboko mkono. Ngiri akamwamkia, na watoto wa Ngiri, wote, mmoja mmoja, shikamoo babu, shikamoo babu. Kiboko alikuwa amekaa pale mtoni miaka yake yote na hakuna mtu aliyewahi kumwambia asante kwa kitu. Hakujua hata uso auwekeje. Akasimama tu kwenye mvua, ngozi inapoa.

"Mtoto jina lake nani?" Mama Tembo akauliza.

Yule mke akatoa kichwa nje. "Anaitwa Kiboko."

Kale katoto, kanaenea kwenye kawa, Kiboko. Watu wakacheka mpaka Ngiri akakaa kwenye tope. Kiboko mkubwa naye akacheka, hoo hoo hoo, mto mzima ukasikia.

Kesho yake mvua ilipopumzika, Digidigi akasikia mtu anahema nje. Hoo, hoo. Akatoka. Akamkuta Kiboko ameweka mzigo wa nyasi kando ya kihenge, mzigo wa mtu mwenye nguvu.

"Ile kofia ya juu ni ya zamani," akasema Kiboko bila kumtazama. "Itamvujia wajina wangu." Akageuka, akashuka zake mtoni kabla hajashukuriwa. Lakini Digidigi alimshukuru, kwa sauti, mpaka alipofika majini.

Basi mkianza maisha mahali, kaeni kwanza kwenye kidogo mnachokimudu, na aliyewafaa mshukuruni, hata kama hakujua kwamba anawafaa.

Mimi yangu nimeyatua hapo, na yakishatuliwa hayainuliwi. Vuteni shuka, mlale.